"Tumeshafika kwenye jiwe": dhana potofu kuhusu ardhi tunayojengea Unguja na Pemba

Katika vikao vya wazi ambavyo sisi wahandisi wa ardhi huvifanya na waashi, wachimbaji visima, wanafunzi na watu wanaojijengea nyumba, kuna neno moja halikosi kusemwa. Mwaka huu tukutane skuli, mwakani ukumbi wa shehia, tukutane Machi 4, Siku ya Uhandisi Duniani, au siku nyengine yoyote, mtu atanyanyua mkono na kusema: "Mhandisi, kwetu sisi ni jiwe tupu. Ukishafika kwenye jiwe umefika. Kupima cha nini?" Na nusu ya ukumbi itatikisa kichwa kumuunga mkono.

Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi kiasi kwamba nimeona bora niliandike. Wanaolisema si wajinga. Ni watu wanaojenga kwa jasho lao, chumba leo, chumba baada ya miaka miwili, na wakikosea hakuna wa kuwafidia.

"Tumefika kwenye jiwe, tumwage zege"

Jiwe gani, nene kiasi gani, na chini yake kuna nini? Mtaimbo haujibu maswali hayo. Mtaimbo unakwambia tu kwamba hapo ulipogonga, juu, pagumu.

Sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa Unguja, na kingo nyingi za Pemba, ni chokaa ya matumbawe: miamba iliyoota baharini zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko leo. Kipindi cha mwisho cha namna hiyo kilikuwa kiasi cha miaka 125,000 iliyopita. Baadaye dunia ikapoa, maji mengi yakaganda kuwa barafu, na bahari ikashuka hadi kiasi cha mita 120 chini ya ilipo sasa. Unguja ikaungana na bara kwa nchi kavu. Pemba haikuungana, kwa sababu mkondo wake ni wa kina kirefu mno.

Muda wote huo mvua iliendelea kunyesha juu ya jiwe. Maji ya mvua huchukua gesi ya kaboni kutoka hewani, na zaidi kutoka kwenye udongo wenye mizizi, yakawa na ukali kidogo, na ukali huo huyeyusha chokaa. Bahari ilipokuwa chini, maji yalipenya kwa kina kirefu kuitafuta, yakachonga mifereji na vyumba humo humo ndani ya mwamba. Bahari ilipopanda tena, vyumba vya chini vikajaa maji na vya juu vikabaki vitupu. Ndiyo maana tuna pango la Mangapwani, na ndiyo maana tuna pango la Kuumbi kule Jambiani, ambamo watu waliishi miaka elfu nyingi kabla yetu. Hayo tunayajua kwa sababu mlango wake uko wazi. Yasiyo na mlango yamo chini ya mashamba na viwanja, na juu yake pameota nyasi kama kwengine.

Hiyo ni hatari moja. Ya pili ni ngozi ya juu ya mwamba. Maji yanayopanda na kukauka huacha chokaa juu, na ile chokaa hugandisha tabaka la juu likawa gumu kupita kiasi. Chini ya hapo jiwe linaweza kuwa kama boflo, ganda lake gumu na ndani laini. Katika kiwanja kimoja upande wa kusini tulichimba kwa mashine na kuvitoa vipande vya mwamba tukavipanga kwenye sanduku la sampuli. Kipande cha kwanza, kiasi cha sentimita 60, msumari haukukikwaruza. Kilichofuata nilikibana kwa kidole gumba na cha shahada kikawa unga mweupe. Kisha maji ya kuchimbia yakaacha kurudi juu. Yalikuwa yanapotelea chini. Mchimbaji akapunguza mwendo, akaweka mkono kwenye usukani, na fimbo ya chuma ikateremka yenyewe kwa uzito wake, bila kuzunguka, mpaka ikakwama tena. Kwenye sanduku, mahali hapo huachwa wazi na kuandikwa "uwazi". Mashimo ya msingi yalikuwa yamekwishachimbwa kandokando yetu, yakisubiri zege la nyumba ya ghorofa moja, na mwashi alikuwa amesharidhika kwa sababu mtaimbo ulilia.

Ya tatu ndiyo inayopasua nyumba nyingi zaidi, ingawa haiui: uso wa jiwe haulingani. Pembe hii unalikuta kwa nusu mita, pembe ile unashuka mita 3 kwenye kinongo, ule udongo mwekundu, kilichojaa kwenye mfuko wa mwamba. Nyumba ikakaa nusu juu ya jiwe na nusu juu ya udongo. Upande wa jiwe haushuki, upande wa udongo unashuka, ukuta unagawika. Ukiona nyufa za mshazari zinazoanzia kwenye pembe za madirisha na kupanda ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, usimlaumu kwanza mtu wa saruji. Chimba pembeni mwa msingi pande zote mbili ulinganishe.

"Lakini nyumba imesimama miaka kumi, mbona haijaanguka?" Kwa sababu maji hayajaifikia bado. Udongo uliokaa juu ya tundu la mwamba unaweza kujishikilia kwa muda mrefu. Kinachouangusha mara nyingi ni bomba linalovuja, maji ya paa yanayomwagwa pembe moja tu, au karo, yaani shimo la maji machafu, lililochimbwa ubavuni mwa nyumba. Maji yanaubeba udongo chembe kwa chembe kuuingiza tunduni, na juu hakuna kinachoonekana mpaka dari ya udongo iwe nyembamba mno. Kwenye vikao vyetu hulionesha hili kwa tangi la kioo: chini ubao wenye tundu, juu mchanga wenye unyevu, juu ya mchanga kinyumba cha mbao. Tunamimina maji kidogo kidogo upande mmoja. Kwa dakika kadhaa hakuna linalotokea, na watu wazima huanza kuzungumza mambo yao. Watoto wa skuli hawabanduki kiooni. Wao ndio huona mwanzo mchanga unanyonywa kutoka chini wakati juu bado pako sawasawa, na ndio wanaopiga kelele kinyumba kinapozama.

Na hapa lazima niseme na wenzangu wa taaluma, kwa sababu dhana hii imo hata kwenye ripoti. Kile kipimo cha kupigilia fimbo ardhini kwa nyundo ya kilo 63.5 inayoangushwa kutoka sentimita 76 kikigoma, yaani fimbo isizame inavyotakiwa hata kwa mapigo 50, kimesema kwamba hapo pagumu. Hakijasema kwamba ni mwamba, wala kwamba mwamba ni mnene. Kuandika "kimegoma kwa mita 1.5, mwamba" na kufunga mashine kwenye ardhi ya matumbawe ni sawa na kumpa mteja ule mtaimbo wake mwenyewe, ila kwa bei kubwa zaidi. Endelea kutoa sampuli angalau mita 3 ndani ya jiwe, na zaidi penye dalili za uwazi. Andika maji yalipopotea na fimbo ilipodondoka. Mistari hiyo miwili ina faida kuliko kurasa za majedwali yaliyonakiliwa.

"Kupima ni kwa maghorofa na mahoteli"

Nyumba ya kawaida ya chini haihitaji mashine ya kuchoronga. Inahitaji mashimo ya majaribio yaliyochimbwa kwa mkono kwenye pembe zote nne na katikati, kufika chini ya kina cha msingi, na mtu anayejua kuyasoma. Kuna na kile kipimo chepesi cha nyundo ya kilo 8 ambacho watu wawili wanakibeba begani. Nondo ya mita 2 iliyochongwa ncha, ikipigwa kila baada ya hatua moja kuzunguka mstari wa msingi, itakuonesha mfuko wa udongo ulipo. Na kabla ya yote hayo, mtafute mchimbaji wa visima wa mtaa wako umkalishe barazani. Hili nalisisitiza kila mahali hata nikachokwa. Yule mtu ameingia ndani ya ardhi yenu kwa mwili wake, anajua wapi jiwe lilikuwa unene wa shibiri na wapi kamba ilimwisha.

"Karo langu halijai, ni la baraka"

Watu hulisema kwa fahari. Karo lisilojaa kwenye jiwe maana yake limepata njia. Yaliyomo yanateremka moja kwa moja kwenye maji ya chini bila kuchujwa na udongo wowote, na maji hayo ndiyo tunayoyateka visimani, sisi na jirani zetu. Mwongozo wa kawaida ni mita 30 baina ya choo na kisima, na mwongozo huohuo unatahadharisha kwamba penye mwamba wa nyufa hizo 30 hazitoshi, kwani maji hayachuruziki kwenye chembe za mchanga bali yanakwenda mbio kwenye mifereji. Visiwa vilivyoijua kipindupindu kama hivi vyetu havina sababu ya kulisifu karo la namna hiyo. Liwekee kuta na sakafu ya zege, livutwe kwa gari likijaa, na liwe mbali na msingi.

"Ukizidisha kina, umezidisha nguvu"

Si lazima. Kwenye lile ganda gumu, kuchimba zaidi ni kulipunguza unene au kulitoboa kabisa, ukatoka pazuri ukaingia pabaya. Pengine kilichotakiwa ni msingi mpana zaidi, si mrefu zaidi.

"Jirani kajenga, na mimi nijenge vilevile"

Rudi kwenye pembe mbili za nyumba moja hapo juu. Ikiwa ndani ya kiwanja kimoja jiwe linapishana kwa mita mbili na nusu, ripoti ya jirani si yako.

"Tutaongeza nondo"

Nondo huimarisha zege. Udongo ulio chini hauna habari nayo. Kwenye kinamo, ule udongo wa mfinyanzi, kinachovimba masika na kunywea kiangazi, utakuwa umetengeneza mkanda mzito zaidi wa kunyanyuliwa na kushushwa. Na plasta juu ya ufa huo ni pesa iliyotupwa, masika ijayo utaukuta palepale.

"Wazee walijenga Mji Mkongwe bila kupima"

Hili linaniumiza kwa sababu linawadharau wazee kwa kuwasifu. Wazee walipima. Walitofautisha kinongo, kinamo, kichanga, na ardhi za mawe za uwanda na maweni, wakajua kipi cha kulima, kipi cha kujengea, na bonde gani hufurika. Kuta zao za matumbawe zilikuwa nene, na chokaa waliyoungia ni laini, huvumilia nyumba kujikalisha kidogo. Tofali la saruji haliwezi hilo, hupasuka. Tena si kweli kwamba kila kitu kimesimama. Jumba la Beit al-Ajaib la Mji Mkongwe, la mwaka 1883, lilianguka upande mmoja Disemba 25, 2020, likaua watu wawili. Anayetaka kujenga kama wazee na atunze kama wazee. Na anayejenga Darajani akumbuke kwamba pale palikuwa na mkono wa bahari uliokuja kufukiwa. Kifusi hakigeuki ardhi asilia kwa kuwa tu barabara imepita juu yake.

"Huku hakuna tetemeko"

Agosti 12, 2020, usiku baada ya saa mbili, tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilitokea baharini kusini-mashariki mwa Dar es Salaam. Likasikika huku, na watu walitoka nje.

"Vikao vyenu ni vya wasomi"

Kosa la dhana hii ni letu kwa sehemu kubwa. Tumewaita waashi tukawasomesha fomula ukutani, tukawapa chai, tukaondoka. Mtu wa namna hiyo harudi, na ana haki. Vikao vinavyofaa ni vile ambavyo mchimbaji kisima anazungumza kabla ya mhandisi, na sanduku la sampuli linapita mkono kwa mkono.

Wapo pia wenzetu wanaoamini kwamba kumfundisha mwashi kusoma shimo ni kujipunguzia wateja. Mimi naona kinyume chake. Mwashi aliyeona kipande kikigeuka unga mkononi mwake ndiye anayemwambia tajiri wake asimame kwanza, aite mtu. Wanaotunyima kazi ni wale ambao hawajawahi kukiona. Kwa hiyo ripoti za zamani zinazooza kwenye makabati yetu, mteja akiridhia, tuzitoe. Kina cha jiwe, kina cha maji, mahali palipokutwa uwazi. Tukiziweka kwenye ramani moja ya Unguja na moja ya Pemba, kijana anayeanza kazi Chake Chake au Makunduchi hatalazimika kuanza gizani.

Anayekuja kikao kijacho hana haja ya cheti wala suti. Njoo na picha za mashimo yako, futi kamba ikiwa imening'inizwa ndani ili kina kionekane. Njoo na jiwe la chini ya shimo, si la juu, likiwa kwenye mfuko uliofungwa. Andika ulilikuta pembe gani na kwa kina gani, kwa mkono wako, hata kwenye kipande cha mfuko wa saruji. Na ikiwa kiwanjani kuna kisima cha zamani kilichofukiwa, hilo tuanze nalo kabla ya jengine lolote.