Kunusuru kampuni kwa fedha za umma: maana yake nini?

Kampuni binafsi inapokaribia kufilisika, serikali inaweza kuikopesha, kuidhamini ili ikope benki au kununua hisa zake ili isife. Huko ndiko kuinusuru. Watu wengi huchanganya jambo hili na ruzuku. Ruzuku hairudishwi, fedha za kunusuru hutolewa zikitarajiwa kurudi, na anayezisubiri ni mlipakodi.

Novemba 2008 wakuu wa kampuni za magari za Marekani, General Motors (GM), Chrysler na Ford, walikwenda bungeni Washington kuomba dola bilioni 25. Mbunge mmoja akataka aliyekuja kwa ndege ya abiria anyooshe mkono. Haukunyooshwa hata mmoja; wote watatu walikuja kwa ndege binafsi. Hasira ya wananchi inaeleweka, na Desemba muswada wa kuwasaidia ulikwama katika Seneti. Rais George W. Bush akaikopesha GM na Chrysler dola bilioni 17.4 kutoka mfuko uliotengwa kuokoa mabenki.

Kwa nini wasiachwe waanguke? Itazame Ford. Mwishowe haikuchukua mkopo ule, lakini mkuu wake, Alan Mulally, aliwaombea washindani wake. Viti, taa na nyaya za gari hutengenezwa na viwanda vingine, na kiwanda kimoja huuzia kampuni kadhaa. GM ikifa na madeni yake, mtengeneza viti anafunga, na gari la Ford linakwama kiwandani likiwa limekamilika kila kitu isipokuwa pa kukalia.

Basi wanastahili? Naamini anayestahili kunusuriwa ni yule mtengeneza viti na wafanyakazi wake, si mkurugenzi wala mwenye hisa. Kwa hiyo masharti ndiyo kiini cha jambo lote. Mwishoni mwa 1979 Bunge liliipa Chrysler dhamana ya mikopo ya hadi dola bilioni 1.5, ikamaliza kulipa 1983, kabla ya muda, ikasifiwa sana. Miaka 25 baadaye ilikuwa tena kwenye mlango uleule, ikiomba.

Mara ya pili masharti yalikuwa makali zaidi. Machi 2009 serikali ya Barack Obama ilimwondoa Rick Wagoner, mkuu wa GM. Chrysler ikaingia mahakama ya ufilisi Aprili 30, GM Juni 1. Wenye hisa wa zamani wa GM waliambulia patupu, na serikali ikamiliki takriban asilimia 61 ya GM mpya iliyotoka mahakamani, hisa ilizomaliza kuziuza Desemba 2013. Kati ya dola bilioni 80 hivi zilizoingizwa katika sekta nzima, zaidi ya bilioni 9 hazikurudi.

Wafanyakazi nao walilipa. Walikubali kuachia nyongeza ya mshahara inayokwenda na kupanda kwa bei. Kampuni zilirudi kupata faida ndani ya miaka michache. Nyongeza hiyo waliirudisha 2023, kwa mgomo.