Kupandikizwa Jino: Maswali na Majibu Kuhusu Maandalizi na Kipindi cha Kupona

Watu wengi wanaojiandaa kupandikizwa jino huuliza kwanza kuhusu maumivu ya siku ya upasuaji. Swali hilo lina haki yake na limejibiwa hapa, lakini mafanikio ya kazi hii hutegemea zaidi mambo mawili ambayo huulizwa kwa nadra: hali ya mwili kabla ya upasuaji, na uvumilivu wa mgonjwa katika majuma yanayofuata baada ya maumivu kwisha.

Kipandikizi cha jino ni nini, na kwa nini matibabu huchukua miezi?

Kipandikizi ni skrubu ndogo, aghalabu ya titaniamu, ambayo daktari huipachika ndani ya mfupa wa taya ili ishike nafasi ya mzizi wa jino lililopotea. Juu yake hufungwa kiungio, na juu ya kiungio huwekwa taji, yaani ile sehemu inayoonekana kinywani na kutafunia chakula. Msingi wa tiba hii uligunduliwa mwaka 1952, pale mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alipokuwa akichunguza jinsi mfupa wa sungura unavyopona na kubaini kwamba vifaa vya titaniamu alivyovipachika vilikuwa vimeshikamana na mfupa kiasi cha kutobanduka. Mwaka 1965 mgonjwa wa kwanza akapandikizwa kwa njia hiyo.

Kushikamana huko ndiko kunakochukua muda. Chembe za mwili hujenga mfupa mpya unaosogea hadi kugusana na titaniamu yenyewe, kazi ambayo kwa kawaida huhitaji miezi 3 hadi 6. Taya la chini, ambalo mfupa wake ni mgumu zaidi, mara nyingi hukamilisha mapema kuliko taya la juu. Wapo wagonjwa wanaowekewa taji la muda siku ileile, lakini hilo huamuliwa na daktari kwa kuzingatia jinsi kipandikizi kilivyokaza, wala si kwa haraka ya mgonjwa.

Je, kila mtu anafaa kupandikizwa?

Umri mkubwa peke yake si kizuizi. Vijana ambao taya zao bado zinakua ndio wanaoshauriwa kusubiri, kwa sababu kipandikizi hakisogei pamoja na mfupa unaokua na baada ya miaka michache jino hilo litaonekana fupi kuliko mengine. Mwenye ugonjwa wa fizi hutibiwa kwanza, kwa kuwa bakteria walewale waliolegeza meno ya asili wanaweza kushambulia kipandikizi. Picha ya eksirei ya pande tatu humwonyesha daktari unene wa mfupa, njia ya mshipa wa fahamu katika taya la chini, na uwazi wenye hewa ulio juu ya magego ya juu. Mfupa ukiwa haba, huongezwa kwanza kwa kupandikizwa mfupa mwingine, na hapo matibabu hurefuka kwa miezi kadhaa.

Ni mambo gani nisiyopaswa kumficha daktari?

Mweleze kila dawa unayotumia, zikiwamo za mitishamba, hata kama huoni uhusiano wake na meno. Zipo dawa za kuimarisha mifupa, kama vile alendroneti na asidi ya zoledroniki, ambazo hupunguza kasi ya mfupa kujijenga upya. Kwa baadhi ya watumiaji, hasa wanaozipata kwa sindano kutokana na saratani, upasuaji wa taya unaweza kufuatwa na kufa kwa sehemu ya mfupa. Hatari hiyo inaweza kudumu hata baada ya dawa kusimamishwa, kwa hiyo mtajie daktari dawa hizo hata kama ulizitumia miaka iliyopita. Mtu aliyewahi kutibiwa kwa mionzi kichwani au shingoni naye aseme.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Wagonjwa wengi wa namna hiyo hufanyiwa upasuaji wa meno bila kusimamisha dawa, baada ya damu yao kupimwa na tahadhari kuchukuliwa, ilhali kuiacha dawa ghafla kunaweza kuleta kiharusi, ambacho ni balaa kubwa mno kuliko damu kuchuruzika kwenye ufizi. Mwenye vali ya bandia ya moyo huenda akahitaji antibaiotiki muda mfupi kabla ya upasuaji. Mwenye kisukari anaweza kupandikizwa kwa usalama ikiwa sukari yake imedhibitiwa. Isipodhibitiwa, kidonda huchelewa kupona na maambukizi hupata mwanya. Wajawazito kwa kawaida hushauriwa kusubiri hadi wajifungue. Na kama husaga meno usingizini, sema pia, maana nguvu ya kusaga huangukia kipandikizi usiku kucha.

Ninavuta sigara. Je, ni lazima niache?

Jibu la kweli ni ndiyo, na sioni faida ya kulipunguza makali. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu katika ufizi na mfupa, hivyo kidonda hukosa oksijeni wakati kinapoihitaji kuliko wakati wowote. Vipandikizi hushindwa mara nyingi zaidi kwa wavutaji kuliko kwa wasiovuta. Madaktari wengi huomba mgonjwa aache angalau wiki moja kabla ya upasuaji na aendelee kujizuia kwa miezi miwili baadaye. Ikiwa unaona hutaweza peke yako, omba msaada wa kuacha kabla tarehe haijapangwa. Kuahirisha upasuaji kwa sababu hiyo si aibu hata kidogo.

Siku yenyewe nijiandae vipi?

Ikiwa utachomwa sindano ya ganzi tu, kula mlo wa kawaida na unywe dawa zako za kila siku kama ulivyoelekezwa. Ikiwa utapewa dawa ya usingizi au ya kutuliza kupitia mshipa, utaambiwa ufunge kula kwa saa kadhaa. Fuata maagizo hayo bila kupunguza, kwa sababu matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Piga mswaki vizuri, na upange mtu wa kukusindikiza nyumbani iwapo utapewa dawa ya kutuliza.

Nitasikia maumivu wakati wa upasuaji?

Ganzi ikiingia vizuri utahisi mgandamizo na mtetemo, si maumivu. Ukisikia maumivu, inua mkono na uongezewe ganzi. Utaona daktari anatoboa polepole huku maji ya chumvi yakimiminwa bila kukoma. Maji hayo hupooza mfupa, kwa kuwa joto la nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja tu linatosha kuujeruhi, na mfupa uliojeruhiwa hivyo hautashika kipandikizi. Kazi ya kipandikizi kimoja aghalabu huisha ndani ya saa moja.

Nifanye nini katika saa 24 za kwanza?

Uma kitambaa cha shashi ulichowekewa kwa takriban dakika 30 bila kukitoa kila mara kukitazama. Mate yenye rangi ya damu ni ya kawaida. Lengo la siku hii ni kulilinda donge la damu lililofunika kidonda: usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe kwa mrija, na usile wala kunywa vitu vya moto. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa juu ya shavu kwa dakika 15 hivi, pumzisha shavu, kisha rudia. Lala ukiwa umeinua kichwa kwa mito. Subiri ganzi iishe kabla ya kula, usije ukajiuma mdomo bila kujua.

Aliyeinuliwa sakafu ya uwazi wa hewa katika taya la juu, ili ipatikane nafasi ya kuongezewa mfupa, ana sharti la ziada: asipenge kamasi kwa takriban wiki mbili, na akipiga chafya afungue kinywa.

Uvimbe na maumivu hudumu kwa muda gani?

Uvimbe huongezeka hadi siku ya pili au ya tatu kisha hupungua, kwa hiyo usishtuke ukiamka siku inayofuata uso umejaa zaidi. Mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia parasetamoli, isiyozidi gramu 4 kwa siku, au ibuprofeni ikiwa hana vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, wala pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo. Usijitibu maumivu kwa aspirini, kwani huongeza kutoka damu. Antibaiotiki ukiandikiwa, imalize, usipoandikiwa, usijinunulie.

Nile nini, na nisafishe kinywa vipi?

Kula vyakula laini visivyo moto, ukitafunia upande mwingine. Kuanzia siku ya pili, sukutua taratibu kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu, hasa baada ya kula. Ukipewa dawa ya kusukutua ya klorheksidini, itumie kwa siku ulizoambiwa tu, maana ikizidi huacha madoa kwenye meno. Meno mengine yapigwe mswaki kama kawaida. Nyuzi zilizoshonea kidonda, kama si zile zinazoyeyuka zenyewe, hutolewa baada ya wiki moja hadi mbili.

Wiki ya tatu imefika na siumwi tena. Je, naweza kutafunia upande huo?

Hapana, isipokuwa daktari amekuruhusu. Mwanzoni kipandikizi hushikwa na mbano wa skrubu ndani ya mfupa wa zamani. Mfupa huo uliobanwa huanza kuvunjwavunjwa na mwili ili nafasi yake ichukuliwe na mpya, na kati ya wiki ya pili na ya nne huwa wa zamani umepungua na mpya haujakomaa. Kwa hiyo ushikaji hudhoofika wakati uleule ambapo ufizi umefunga na mgonjwa anajiona mzima. Mtikisiko mdogo unaorudiwarudiwa unaweza kufanya tishu laini ikue kuzunguka titaniamu badala ya mfupa. Kutosikia maumivu kunakueleza kwamba ufizi umepona. Hakukuelezi lolote kuhusu mfupa. Nalisisitiza hili kwa sababu ndicho kipindi ambacho mtu hana kitu cha kumkumbusha kujihadhari, na meno ya bandia ya kuvaa yanayogandamiza eneo hilo yanaweza kuleta madhara yaleyale.

Ni dalili zipi zinazohitaji daktari mara moja?

Damu isiyokoma licha ya kuuma shashi kwa nusu saa, homa, usaha, au maumivu na uvimbe vinavyoongezeka baada ya siku ya tatu. Mdomo wa chini au kidevu kuendelea kufa ganzi siku inayofuata kunaweza kumaanisha kwamba mshipa wa fahamu umebanwa. Piga simu siku hiyohiyo, kwa kuwa kuchelewa hupunguza uwezekano wa kurudi katika hali ya kawaida. Uvimbe unaozuia kumeza au kupumua ni wa kukimbiziwa hospitali.

Na kipandikizi kikishindwa kushika?

Vilivyo vingi hufaulu, na baada ya miaka 5 zaidi ya 9 kati ya 10 huwa bado vinafanya kazi. Kinachoshindwa mapema huonekana kwa kulegea, na mara nyingi hutolewa kwa urahisi kwa ganzi ya kawaida. Kidonda huachwa kipone kwa miezi kadhaa, chanzo hutafutwa, kisha kingine kinaweza kuwekwa. Kilichoshika nacho hakina kinga ya milele: titaniamu haiozi, lakini ufizi na mfupa unaoizunguka vinaweza kuvimba na kuliwa na bakteria, mara nyingi bila maumivu. Safisha kila siku kwa mswaki mwembamba wa kupita kati ya meno, na umwone daktari kila baada ya miezi 6 au kadiri atakavyopanga, ili apime kina cha ufizi na kulinganisha picha mpya ya mfupa na ile iliyopigwa siku taji lilipofungwa.