Nusu debe kwa mtoto: hesabu ya uji wa shule ya kutwa

Wazazi wa Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, wakiombwa mchango wa chakula shuleni huuliza swali la haki kabisa: kiasi gani? Shule ikijibu "chochote mtakachojaliwa", uji hunywewa Januari, na ikifika Machi jiko halina moto. Ndiyo maana nikikaa na kamati ya shule naanza na mizani.

Kikombe cha robo lita kinahitaji gramu 40 za unga. Kilo moja kwa lita sita na nusu za maji inatosha watoto 25. Shule yenye watoto 300 itapika kilo 12 kwa siku, kilo 60 kwa wiki. Kwa mwaka wa siku 194 za masomo, mtoto mmoja hafikishi kilo 8 za unga. Hiyo ni nusu debe ya mahindi, mradi yasagwe dona. Mkikoboa mpate sembe, karibu robo inaondoka na pumba, na nusu debe haitafika Desemba. Dona nayo ina udhaifu wake: mafuta ya kiini huchacha, unga ukawa mchungu. Sageni wa wiki mbili tu, mahindi mengine yakae kwenye magunia juu ya chaga, mbali na ukuta.

Mahindi huku kwetu huvunwa kati ya Mei na Julai, kwa hiyo yaombwe shule zinapofunguliwa Julai. Anayetegemea korosho apewe nafasi ya kutoa fedha baada ya malipo ya minada, kuanzia Oktoba. Kumdai mtu Februari, ghala likiwa tupu, ni kumwonea. Tangu elimu bila malipo ilipoanza 2016, chakula cha mwanafunzi wa kutwa kimebaki kwa wazazi, basi kiwango kipitishwe na mkutano wao na kiandikwe. Na mtoto ambaye kwao hawajaleta anywe uji kama wenzake. Hapo sina mjadala.

Siku ya kupokea, msiangalie wingi peke yake. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu vijiko viwili na punje za mahindi hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu, yarudi juani. Punje zenye ukungu na karanga zilizosinyaa zitupwe, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kuchemshwa. Unga wa muhogo tunaupenda kusini, lakini kwenye uji wa shule nashauri usizidi theluthi, kwani protini yake ni ndogo mno. Wa muhogo mchungu usiolowekwa vizuri msiupokee hata kidogo. Mkoa wa Mtwara umeshapata wagonjwa wa konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu, na chanzo chake ni muhogo wa namna hiyo.

Uji wa saa nne uanze kupikwa saa moja na nusu. Kwa kilo 12 tumieni masufuria mawili ya lita 50. Katika kila moja chemsha lita 30. Kwenye ndoo, koroga kilo 6 za unga kwa lita 9 za maji baridi mpaka ipatikane rojo laini. Unga mkavu ukimwagwa kwenye maji yanayochemka hujifunga mabonge, nje umeiva, ndani mbichi, na hapo ndipo matumbo ya watoto huanza kusumbua. Mmoja amimine rojo taratibu, mwingine azungushe mwiko hadi chini. Ukishachemka punguza kuni, uive dakika 25. Karanga zilizokaangwa na kutwangwa, kilo moja na nusu kwa masufuria yote, ziingie dakika kumi za mwisho. Sukari kilo 3 iingie wakati wa kuepua.

Maji ya kunawa yapangwe pia, maana uwanda wa Makonde una shida ya maji. Kibuyu chirizi (dumu linalochirizisha maji kidogo kidogo) kimoja kwa kila darasa kinatumia kidogo sana kuliko beseni, tena kila mtoto ananawa maji safi.

Darasa la tano ndio wawe watunza hesabu. Jumatatu wanapima kilichomo stoo pamoja na mwalimu wa zamu, kila siku wanagawa kilo kwa idadi ya waliohudhuria, na Ijumaa wanaandika kwenye ubao wa nje: zilizoingia, zilizopikwa, zilizobaki. Mzazi anayepita anasoma mwenyewe. Uji ukiisha foleni ikiwa bado ndefu, msianze kumshuku mpishi. Pimeni kikombe kwanza. Kikombe cha mililita 300 badala ya 250 kinamaliza masufuria yote mawili kwa watoto 250, na hamsini wa mwisho wanakosa. Hao mara nyingi ni wa darasa la kwanza waliosukumwa nyuma, kwa hiyo wao ndio waanze kupanga mstari.