Ting: baraza lililokuja kuwa kitu

Ukifuatilia habari za Skandinavia, neno ting hukosi kulikuta. Bunge la Norwei ni Stortinget, la Denmark ni Folketinget, la Iceland ni Alþingi. Hapohapo, Mnorwei anayetaka kusema "kitu" au "jambo" naye husema ting. Maana hizo hutenganishwa na kijineno kinachotangulia tu: et ting ni baraza, en ting ni kitu.

Iliyotangulia ni maana ya baraza. Zamani neno lilikuwa þing, na herufi yake ya kwanza husomwa kama th ya "thamani". Lilikuwa kusanyiko la watu huru, nje uwanjani, la kuamua ugomvi na kupitisha sheria. Alþingi ilianza mwaka 930 pale Þingvellir, yaani viwanja vya baraza. Sheria zilikuwa bado hazijaandikwa. Palikuwa na msema-sheria aliyezishika kichwani na kuzitamka mbele ya watu, theluthi moja kila kiangazi, hadi mwaka wa tatu anazimaliza zote. Kwangu mimi, hakuna picha inayolieleza neno hili vizuri kuliko hiyo.

Sasa baraza likawaje kitu? Aendaye barazani huwa ana lake la kusema. Jambo lililopelekwa kwenye þing nalo likaitwa þing, kisha jambo lolote lile, mwishowe hata kijiko na kiatu. Thing ya Kiingereza ni ndugu yake na ilipita njia hiyohiyo. Nasi tunalo shauri: ni kutakana rai, ni kesi iliyoko mahakamani, tena ni jambo la mtu mwenyewe, ndiyo maana tunasema "shauri yako".

Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia, walilibeba neno hata ng'ambo. Bunge la Kisiwa cha Man, Tynwald, limepata jina lake kwa Þingvellir nyingine, na mji wa Dingwall huko Uskoti vilevile.

Denmark, ukinunua nyumba, umiliki wako hupitia tinglysning, maana yake kutangaza barazani. Zamani hati ilisomwa kwa sauti mbele ya ting, asije mtu baadaye akadai hakusikia. Tangu 2009 shughuli hiyo hufanywa kwa kompyuta. Hakuna asomaye wala asikilizaye, lakini nyumba bado "hutangazwa barazani".