Maneno ya kijiweni kuhusu Subaru

Mtu akinunua Toyota IST hakuna anayemsumbua. Akinunua Subaru, kijiwe kizima kinageuka kuwa mafundi. Shemeji anamwambia injini itanoki, yaani itagonga na kufa, kabla mwaka haujaisha. Jirani anamwambia asahau akiba, mshahara wote utaishia sheli. Aliyemuuzia naye alishamwambia kwamba hili ni gari la rali, wewe kanyaga tu. Baadaye gari linaletwa gereji likivutwa kwa kamba, na maneno yote matatu yanakuja nalo, eti fundi athibitishe lipi ni la kweli. Mimi namlaumu muuzaji zaidi, kwa sababu neno lake ndilo linalowafanya wale wawili waonekane walisema kweli.

"Subaru zote zinanoki"

Hili ndilo linalonichosha kuliko yote. Anayelisema huwa ameshuhudia kweli: ameiona Impreza ya binamu yake juu ya matofali, injini imeshushwa, miezi inapita wakisubiri injini ya mtumba kutoka Japani. Kosa lake ni kudhani injini ilizaliwa na ugonjwa huo.

Injini ya Subaru inaitwa boksa. Boksa ni injini ambayo pistoni zake zimelala, nusu kulia na nusu kushoto, zinakwenda nje pamoja na kurudi ndani pamoja. Subaru hawakuibuni. Karl Benz alishaiunda karne ya 19, Volkswagen Beetle ilitembea nayo dunia nzima, na kuna pikipiki za BMW zinazoitumia mpaka leo. Subaru waliianza mwaka 1966 kwenye gari lao la Subaru 1000, na sababu zilikuwa za kiufundi tu: ni fupi, inakaa chini, uzito wake unagawanyika sawasawa pande mbili, na shafti za magurudumu ya mbele zinaweza kuwa na urefu mmoja. Injini yenye kasoro ya asili haidumu kiwandani zaidi ya nusu karne.

Na EJ, familia ya boksa za Subaru, hii hii tunayoitukana, ilipotoka na Legacy mwaka 1989 ilipelekwa Arizona, Marekani, kwenye njia ya majaribio ya mzunguko. Legacy ya turbo ilikimbizwa kilomita 100,000 usiku na mchana, ikisimama kujaza mafuta na kubadilisha madereva tu, kwa wastani wa kilomita 223 kwa saa. Zoezi zima lilichukua takriban siku 19. Ukiniambia injini hiyo haiwezi kwenda Dodoma na kurudi bila kunoki, nitakuomba kwanza unionyeshe stiki ya oili.

Hapo kwenye stiki ndipo penye kesi nyingi. EJ, hasa ya turbo, hula oili kidogo kidogo, na anayeimiliki anatakiwa kulijua hilo tangu siku ya kwanza. Kati ya alama ya chini na ya juu kuna kama lita moja tu. Mteja anajisifu kwamba anamwaga oili kila kilomita 5,000, na hasemi uongo, ila kati ya kumwaga na kumwaga hajafungua boneti hata mara moja. Siku anayokata kona ndefu kwa kasi, oili iliyobaki inakimbilia upande mmoja wa sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, pampu inameza hewa, na beringi ya konrodi inasagika. Nikiimwaga oili ya gari kama hilo kwenye beseni na kulisogeza juani, vumbi la chuma linametameta ndani yake. Hapo hakuna tena habari ya kuweka oili nzito ili kelele inyamaze. Anayekushauri hivyo anakupa muda wa kuliuza gari kwa mtu mwingine.

Stiki yenyewe ina vituko, nakubali. Ukiichomoa, upande mmoja unasema imejaa na mwingine unasema bado. Amini upande unaoonyesha chini. Pima asubuhi, gari likiwa limelala tambarare, futa, chomeka hadi mwisho, kisha soma. Fanya hivyo kila Jumapili kabla ya kuliosha. Naona watu wanatumia saa nzima kung'arisha rimu na hawana dakika mbili za stiki.

Wenye Forester za turbo na wenzao wa EJ yenye AVCS, mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka, wana mtego wa ziada. Bomba linalopeleka oili kwenye turbo linaanzia kwenye bolti yenye tundu, nyuma ya hedi (kichwa cha silinda) ya kulia, na ndani ya bolti hiyo kuna kijichujio cha wavu kisichozidi ncha ya kidole. Oili ikicheleweshwa kumwagwa, tope lake linaziba wavu. Turbo inakosa oili, shafti yake inakatika, na vipande vya chuma vinaingia kwenye mzunguko wa oili mpaka kwenye beringi. Kisha fundi anafunga turbo nyingine ya mtumba bila kuigusa ile bolti, na turbo ya pili inakufa ilivyokufa ya kwanza. Mteja anatoka hapo akiapa kwamba Subaru ni takataka. Alichohitaji ni mtu wa kufungua bolti moja.

Kuna na petroli. Turbo zilizotengenezwa kwa soko la Japani zimepangiwa petroli ya daraja la juu ya kule, ambayo oktani yake inakaribia 100. Ya vituo vyetu haifiki huko. Gari linajitahidi kujirekebisha kwa kuchelewesha cheche, lakini kijana anakwenda kuongezewa presha ya turbo na mtu mwenye laptopu, halafu anashangaa pistoni ikivunjika kwenye mifereji ya ringi.

Sasa gasketi ya hedi, maana najua mtaniletea. Hapo kuna ukweli, na sitauficha. EJ25, yaani EJ ya cc 2500, isiyo na turbo, ya kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1990 na kuendelea muongo uliofuata, ilikuwa na gasketi dhaifu. Za mwanzo, zenye kamshafti mbili kila upande, zilivujisha kwa ndani na kuchemsha gari. Zilizofuata zilivujisha nje, oili na kulanti zikichirizika chini ya hedi. Dawa ni gasketi ya tabaka kadhaa za chuma, na Subaru wenyewe tayari walikuwa wanaitumia kwenye turbo. Lakini Impreza na Legacy nyingi zinazotoka Japani kuja kwetu ni EJ20 au EJ15, siyo EJ25. Mtu anasoma malalamiko ya Wamarekani kwenye simu yake, anakuja kuniambia nifumue hedi ya EJ20 ambayo haina tone la kuvuja.

Gasketi nyingi ninazobadilisha zimeungua kwa sababu ya maji ya bomba. Kulanti inaisha, mtu anajaza maji, kutu inaota ndani, rejeta inaziba. Na hata anayejaza kulanti vizuri anasahau kutoa hewa. Injini hii imelala, hewa inajificha ndani yake kirahisi. Juu ya rejeta, upande usio na mfuniko, kuna kiskrubu cha plastiki. Kifungue ukiwa unajaza taratibu mpaka kulanti itoke pale bila mapovu, ndipo ukifunge. Nimeyakuta mengi ambayo kiskrubu hicho hakijawahi kuguswa tangu gari lishuke melini.

Mwisho wa hili la kunoki: EJ zinatumia taimingi belti, na ni ya kubadilisha kwenye kilomita 100,000. Odomita ya gari la mtumba mimi siiamini, kwa hiyo ukinunua tu, badilisha belti, tensheni na roli zake zote, na pampu ya maji hapo hapo kwa kuwa ukishafungua umeshaifikia. Ikikatika, kwenye EJ nyingi valvu zinagonga pistoni. Injini za FB, boksa za kizazi kilichofuata, zilizoanza kutoka mwaka 2010 zina cheni, na kuna watu wanafurahi wakidhani wamepona. FB za mwanzo zilikula oili hadi wateja wa Marekani wakaipeleka kampuni mahakamani. Stiki ni ile ile.

"Hili ni gari la rali"

Hapa ndipo anapoingia muuzaji. Sikatai kwamba Subaru ilitamba. Ilichukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji mara tatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997, na madereva wake Colin McRae, Richard Burns na Petter Solberg wakawa mabingwa wa dunia kwa nyakati tofauti. Safari Rally ya Kenya McRae aliishinda na Impreza mwaka 1997, Burns mwaka 2000. Lakini magari yale yaliundwa na Prodrive, kampuni ya magari ya mashindano, huko Banbury, Uingereza, na injini zake zilifumuliwa na kukaguliwa na kundi la mafundi wanaolipwa kwa kazi hiyo tu. Impreza yako ya cc 1500 yenye gia za otomatiki ina undugu nayo kwa sura na nembo.

Sifa ya Subaru haikuzaliwa kwenye mashindano hata kidogo. Chimbuko lake ni kiwanda cha ndege cha Nakajima, kilichoanzishwa na Chikuhei Nakajima huko Ota, mkoa wa Gunma, mwaka 1917. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kilitengeneza ndege za kivita na injini zake. Hata Zero, ndege ya kivita ambayo ni ya Mitsubishi, nyingi zaidi ziliungwa Nakajima. Japani iliposhindwa, kiwanda kilikatazwa ndege na kikavunjwa vipande. Mafundi wale wale wakageukia skuta iliyoitwa Rabbit, wakianza na magurudumu ya mkia ya ndege yaliyobaki stoo. Kampuni kadhaa zilizotokana na mabaki hayo zikaungana na kuwa Fuji Heavy Industries mwaka 1953, na ndizo zile nyota za Kilimia unazoziona kwenye nembo: kubwa moja, ndogo tano. Gari lao la kwanza kuuzwa kwa wingi, Subaru 360 ya mwaka 1958, lilikuwa kigari cha silinda mbili kilichochorwa na Shinroku Momose kwa ajili ya familia za kawaida.

Na ile nguvu ya magurudumu manne? Iliombwa na shirika la umeme la Tohoku, kaskazini mwa Japani, lililotaka gari la kupeleka wafanyakazi wake kwenye nyaya za milimani wakati wa theluji, lenye joto na starehe kuliko jeep. Kutokana na ombi hilo ikaja Leone ya magurudumu manne mwaka 1972. Marekani hadi leo Subaru ni gari la walimu, manesi na watu wanaopenda kupanda milima na mbwa wao. Hakuna anayetoboa egzosi.

Nikiri, nina mapenzi na Vivio, kigari kidogo cha Subaru. Mwaka 1993 Patrick Njiru wa Kenya aliimaliza Safari Rally kwa kigari hicho cha cc 660, wakati magari makubwa yalikuwa yanabaki njiani. Na Vivio si boksa, ina silinda nne za mstari kama gari lolote. Kwa hiyo na lile la "Subaru zote ni boksa" tulifute hapa hapa.

"Si ni Toyota tu siku hizi"

Toyota ina hisa karibu asilimia 20. Kabla yake General Motors walikuwa na hisa, na kabla yao Nissan, tangu 1968. Kampuni ni yake yenyewe, na tangu 2017 inaitwa Subaru Corporation. Kilicho kweli ni kwamba kuna magari yenye nembo ya Subaru ambayo si ya Subaru: Trezia ni Toyota Ractis, Dex ni ndugu wa Toyota bB, Traviq ni Opel Zafira. Ukiwa na Trezia usihangaike kutafuta fundi wa Subaru, na mimi usiniletee.

Mlio, mafuta, polisi

Ule mlio wa kunguruma unatokana na mabomba ya egzosi yenye urefu usiolingana kutoka kwenye hedi hadi kwenye turbo. Si kipimo cha nguvu. Baadhi ya STI, Subaru za michezo, za Japani zenye mabomba yanayolingana zina nguvu zaidi na zimenyamaza.

Mafuta inakula kuliko Toyota Premio, ndiyo, kwa kuwa nyingi zinasukuma magurudumu manne muda wote. Ila ya cc 1500 isiyo na turbo haifilisi mtu. Anayefilisiwa ana turbo na mguu mzito.

Kwamba ni gari la askari kanzu, hilo waulizeni majirani zetu wa Kenya. Mimi nafunga bolti.

"Badilisha mawili, mengine bado yana kashata"

La mwisho, na ni la matairi. Kwenye gari la magurudumu manne muda wote, tairi jipya na lililochakaa yanazunguka kwa kasi tofauti, na tofauti hiyo inabebwa na klachi au difu ya kati iliyo ndani ya gia boksi, ambayo haipumziki. Subaru wanataka mzingo wa matairi yote manne usipishane zaidi ya kama milimita 6. Dalili ya kwanza ya ubishi ni gari kushtuka na kujivuta ukikata usukani hadi mwisho pale unapoegesha. Ukifunga spea isiyolingana kwenye otomatiki ya gia nne, fungua boneti, tafuta kisanduku kilichoandikwa FWD (si zote zinacho), chomeka fyuzi. Gari litasukuma kwa magurudumu ya mbele tu mpaka ufike kwa fundi wa matairi, na hapo nunua manne.