Je, Wajua Kwa Nini Wimbo Uleule Husikika Tofauti Kwenye Vicheza Muziki Viwili?

Chukua faili moja la wimbo, linakili kwenye vicheza muziki viwili, kisha sikiliza kimoja baada ya kingine kwa hedifoni zilezile. Karibu kila mara utapata mshindi: hiki kina besi nene, kile kimepwaya. Na bado faili ni lilelile, namba kwa namba. Je, wajua kwamba mara nyingi mshindi huyo hakushinda kwa ubora wowote, bali alikuwa juu ya mwenzake kwa sauti kidogo tu?

Mwenye hila hapa ni sikio. Mwaka 1933 watafiti wawili wa maabara za Bell nchini Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walionyesha kwamba sikio halisikii sauti nene, za kati na nyembamba kwa usawa, na kwamba tofauti hiyo hubadilika kadiri sauti inavyopandishwa. Muziki ukiwa chini, besi na sauti nyembamba kabisa ndizo hupotea kwanza. Ukiongeza, zinarudi. Kwa hiyo kifaa kilichomzidi mwenzake desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) moja au mbili hukioni kuwa kinapiga kelele zaidi; unakiona kina besi iliyojaa, kina uwazi, kina uhai. Anayetaka kukuuzia cha bei ya juu hana haja ya kusema uongo. Akikipandisha sauti kidogo tu, masikio yako yatamalizia kazi.

Basi kabla ya kulinganisha, sawazisha. Namba za kwenye skrini hazisaidii, kwa kuwa 15 ya kifaa hiki si 15 ya kile. Cheza kipande kifupi cha wimbo mmoja, rekebisha mpaka sauti ya mwimbaji iwe na nguvu ileile pande zote mbili, ndipo uanze kuhukumu. Tofauti nyingi zitayeyuka palepale. Zinazobaki ni za kweli, ila hazikai pale ambapo wanunuzi wengi huweka pesa zao.

Tuanze na faili, maana ndilo linalobishaniwa zaidi. CD ya muziki huhifadhi sauti kwa kuipima mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani tarakimu 16 za 0 au 1, kushoto na kulia. Ukizidisha unapata biti 1,411,200 kwa sekunde, yaani zaidi kidogo ya megabaiti 10 kwa dakika moja. Namba 44,100 ilichaguliwa kwa sababu: ili kunasa mawimbi ya sauti ni lazima uyapime zaidi ya mara mbili ya kasi yanavyotikisika, na sikio changa lenye afya hukomea karibu na mitikisiko 20,000 kwa sekunde. Biti 16 nazo hutoa nafasi ya takriban desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Ndiyo maana sibabaishwi na kifaa kinachojisifu kwa biti 24 na vipimo 192,000 kwa sekunde. Kinahifadhi mawimbi ambayo popo angeyafurahia kuliko mimi.

Mzigo huo wa megabaiti 10 kwa dakika ulipunguzwa na wahandisi waliobuni MP3, wakiwamo wa taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Ujerumani, ambako Karlheinz Brandenburg alikuwa mmoja wa vinara. Walichotumia ni udhaifu wa sikio. Sauti kubwa huifunika sauti ndogo inayokaribiana nayo kwa unene au wembamba: anayenong'ona kando ya mashine ya kusaga hasikiki, ingawa sauti anaitoa. Funiko hilo hudumu hata baada ya sauti kubwa kukoma, kwa sehemu ya kumi ya sekunde hivi, na la kushangaza zaidi, hurudi nyuma kidogo likafunika hata kilichotangulia. Programu ya MP3 huukata wimbo vipande vifupi sana, ikakadiria katika kila kipande ni kipi kitafunikwa, kisha ikakitengea biti chache au isikiandike kabisa. Kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, faili hubaki karibu moja ya kumi na moja ya ukubwa wa CD.

Ugumu uko pale pasipo na kitu cha kufunikia. Brandenburg alipoijaribu kazi yao kwa "Tom's Diner" wa Suzanne Vega, wimbo wa sauti ya mwanamke peke yake bila ala yoyote, matokeo yalikuwa mabaya, na wimbo huo ukawa kipimo cha kuiboreshea programu. Nawe unaweza kutumia ujanja huohuo. Ukitaka kujua kama nyimbo zako zimebanwa kupita kiasi, usizijaribu kwa wimbo uliojaa ngoma na magitaa. Tafuta sauti tupu ya mtu, au makofi, au matoazi. Makofi yasiposikika moja moja, yakawa mchakacho mmoja mrefu, biti hazikutosha.

Kubana kulikuwa na maana kubwa zamani. Vicheza MP3 vilipoingia sokoni mwaka 1998, MPMan ya Korea Kusini na Rio PMP300 ya Marekani, vilikuwa na megabaiti 32 tu. Hiyo ni nusu saa ya muziki kwa kilobiti 128, na dakika tatu tu kama muziki haukubanwa. iPod ya mwaka 2001 ilikuja na diski ya gigabaiti 5, Apple wakaitangaza kuwa ni nyimbo 1,000 mfukoni mwako. Leo kadi ya gigabaiti 128 iliyo ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba hubeba nyimbo 16,000 hivi za dakika nne kwa kilobiti 256. Kwa FLAC, fomati inayobana bila kutupa chochote, hubeba nyimbo elfu kadhaa. Kwa hiyo usilipe zaidi kwa ajili ya kumbukumbu ya ndani ya kifaa kama kina tundu la kadi.

Ninavyoona mimi, nakala mama zikae kwenye kompyuta kwa FLAC, kwa sababu kutoka hapo unaweza kutengeneza fomati yoyote utakayoihitaji kesho. Kwenye kicheza muziki weka FLAC nafasi ikiruhusu, la sivyo MP3, au AAC (fomati nyingine inayobana kwa kutupa), ya kilobiti 256 inatosha. Wachache sana wataweza kuitenga na CD wakifumbwa macho. Kitu cha kuepuka ni kugeuza MP3 ya 128 kuwa ya 320 ukidhani umeipandisha daraja. Kilichotupwa hakirudi. Unapata faili kubwa lenye hasara ileile, pamoja na hasara nyingine ndogo juu yake.

Namba zikitoka kwenye faili huingia kwenye chipu inayozigeuza kuwa umeme, kisha kwenye amplifaya ndogo inayousukuma umeme huo hadi masikioni. Matangazo hupenda kutaja jina la chipu. Lipuuze: chipu za kawaida za siku hizi zimeshapita uwezo wa sikio. Kinachokwama ni amplifaya. Hedifoni kubwa za studio zenye ukinzani wa umeme wa omu 250 au 300 hutaka volti nyingi kuliko vifaa vingi vidogo vinavyoweza kutoa, kwa hiyo hata ukipandisha hadi mwisho muziki unabaki chini. Spika ndogo za masikioni za omu 16 zina shida iliyo kinyume: zinasukumika kwa urahisi mno hata unasikia uvumi wa amplifaya yenyewe nyuma ya muziki. Ukiwa dukani, cheza mwanzo wa wimbo unaoanza taratibu na usikilize ukimya wake kabla ya mwimbaji kuingia. Mvumo wa "shhh" ukijitokeza hapo, utakufuata kila siku.

Kuna na ukinzani wa tundu lenyewe la kutokea sauti, ambao watengenezaji wengine hawauandiki. Kanuni inayotumika ni kwamba usizidi sehemu ya nane ya ukinzani wa hedifoni zako. Ukizidi, baadhi ya spika za masikioni, hasa zile zenye vispika vidogo kadhaa ndani ya kila upande, hubadilika tabia: besi inavimba au sauti nyembamba zinazama. Hii ni moja ya sababu chache za haki za vifaa viwili kutofautiana hata baada ya kusawazisha sauti.

Lakini yote hayo kwa pamoja hayafikii tofauti inayoletwa na hedifoni. Chipu mbili hutofautiana kwa sehemu ndogo ya desibeli. Hedifoni mbili hutofautiana kwa desibeli nyingi katika besi na katika sauti nyembamba, kiasi kwamba hata asiyejali anaisikia. Kama fungu lako ni dogo, nunua kicheza muziki cha kawaida na hedifoni nzuri, si kinyume chake. Spika za kuingiza sikioni zina sharti lake: lazima zizibe. Mwanya mdogo tu kati ya mpira na ngozi huimwaga besi yote, na mtu huishia kulaumu kifaa. Boksi huwa na mipira ya saizi kadhaa. Ijaribu yote, na usishangae sikio la kushoto likitaka saizi tofauti na la kulia.

Wanaotumia Bluetooth wajue kwamba muziki hubanwa upya kabla ya kurushwa. Mfumo wa msingi, SBC, ambao vifaa vyote vya muziki vya Bluetooth vinao, hukomea takriban kilobiti 328 kwa sekunde. LDAC ya Sony hufika 990. Lakini mfumo bora hufanya kazi pale tu pande zote mbili zinapoujua. Kicheza muziki chenye LDAC kikiunganishwa na hedifoni zisizoijua, hurudi kwenye wanachokifahamu wote wawili. Soma maboksi yote mawili kabla ya kulipa.

Nikiambiwa nitaje kinachowaudhi watu zaidi baada ya kununua, sitataja ubora wa sauti. Ni mpangilio wa nyimbo. Albamu inaanza na wimbo wa saba, unafuata wa pili, halafu wa kumi na moja. Vifaa rahisi havisomi hata majina: hucheza mafaili kwa mfuatano ule yalivyofika kwenye kadi, na kompyuta ikinakili mafaili mengi kwa mpigo si lazima iyafikishe kwa zamu. Dawa yake ni kunakili folda moja baada ya nyingine, au kutumia programu ndogo ya kupanga upya orodha ya kadi. Vifaa vingine hupanga kwa jina, herufi kwa herufi, ndipo 10 inatangulia 2; hapo andika 01, 02, 03 mwanzoni mwa majina. Vingine huangalia lebo za ID3 zilizofichwa ndani ya faili. Toleo la kwanza la lebo hizo, la mwaka 1996, lilitoa herufi 30 tu za jina la wimbo na halikuwa na nafasi ya namba yake, kwa hiyo mafaili ya zamani hukatika majina na kuchanganyika. Programu za bure za kompyuta huyarekebisha kwa mkupuo.

Kadi nazo zina mtego. Zinazozidi gigabaiti 32 hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa exFAT, na vicheza muziki vya zamani vinasoma FAT32 pekee, vikidai kadi ni mbovu. Mara nyingi si mbovu. Ifomati upya kwa FAT32 kwenye kompyuta na itasomeka. Na vitufe halisi vya kubonyeza, ambavyo watu huvidharau dukani mbele ya skrini inayong'aa, ndivyo utakavyovishukuru kila unapotaka kuruka wimbo bila kukitoa kifaa mfukoni.

Limebaki la sauti yenyewe. Albamu za miaka tofauti zilirekodiwa kwa viwango tofauti, hivyo ukichanganya nyimbo unajikuta ukipandisha na kushusha kila dakika nne. Kama kifaa kina ReplayGain, iwashe: huisoma lebo inayosema wimbo una nguvu kiasi gani na kuusawazisha na wenzake bila kuugusa muziki wenyewe. Shirika la Afya Duniani linahesabu desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa salama kwa mtu mzima. Kwa desibeli 90 ni saa 4 tu, kwa kuwa nyongeza hiyo ya 10 ni nishati mara kumi. Vifaa vingi vina mpangilio wa kuweka kikomo cha sauti. Uuweke ukiwa mahali patulivu, usikilize wimbo unaoufahamu, uchague kiwango kinachokutosha na ukifunge hapo. Ukingoja kuuweka ndani ya gari lenye kelele utachagua namba inayoshindana na injini, na sikio litaizoea.