Bia ya njiani, chupa ya dirishani: dhana potofu na ukweli

"Nakunywa nikiwa naendesha narudi, itanipanda nikishafika home." Hii ndo inayoua. Pombe inaanza kuingia kwenye damu ndani ya dakika chache, na kama umetoka kazini na njaa, inaingia haraka zaidi, halafu kwa wengi inafika kileleni kati ya nusu saa na saa moja na nusu, yaani palepale kwenye foleni na watoto wanaovuka barabara. Bia ya mililita 330 yenye asilimia 5 ina kama gramu 13 za pombe, ini linahitaji saa moja na zaidi kuimaliza, we safari yako ni dakika 40, piga hesabu mwenyewe. Kahawa haiharakishi chochote, unakuwa tu mlevi asiyesinzia. Na bigijii? Kipimo cha trafiki kinasoma pombe iliyotoka kwenye damu ikapitia mapafuni, hakinusi mdomo.

"Mi abiria tu." Sawa, hapo una nusu ya hoja. Ila kituo kikifika utashuka na utavuka barabara, na aliyelewa anakosea kukadiria mwendo wa gari hata akiwa kwa miguu.

Sasa chupa. Eti wanatupa sababu hakuna dastibini, mi siamini sana, mbona ya maji inafika nyumbani? Ya bia inarushwa kabla ya trafiki, au kabla ya geti, kwa sababu ni ushahidi.

"Si nimeitupa kichakani, imemdhuru nani?" Ukiirusha gari likiwa kilomita 80 kwa saa inaondoka na mwendo huohuo, kama mita 22 kwa sekunde, muulize anayetembea pembeni. Isipompata mtu inalala pale inajaa maji ya mvua, mbu wa Aedes, wale wa dengue, wanataga humo na mayai yao yanavumilia ukavu miezi kadhaa yakisubiri mvua nyingine. Panya wadogo na wadudu nao wanaingia shingoni, ndani kunateleza, hawatoki tena.

"Kioo ni mchanga, kitaoza." Hakiozi! Kinapasuka tu kikangoja tairi za baiskeli na nyayo, wakati kingeyeyushwa kikawa chupa tena na tena.

"Dawa ni faini tu." Sio faini tu, njia nyingine ipo: Ujerumani tangu 2003 makopo na chupa nyingi za vinywaji za kutumika mara moja zina amana, yaani hela unayoiacha ukinunua, sasa hivi senti 25 za euro, ukirudisha unapewa hela yako, na ukiitupa yupo atakayeiokota akachukue yeye.